Mlango wa Jokofu Usiofungika: Maelezo kutoka Kebirigo

Utangulizi

Makala haya yanahusu kifaa ambacho wasomaji wa jarida hili wanakijua vyema, ila hawajazoea kukikuta humu. Tumezoea kuandikiana juu ya ngeli, arudhi na uhakiki wa riwaya, na hiyo ndiyo kazi iliyotukutanisha. Hata hivyo, lugha inayojadiliwa darasani kila siku bila kutumiwa kueleza vitu vilivyomo jikoni mwa wasemaji wake hubaki nusu. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya hadhi yake ya lugha ya taifa. Licha ya hayo, mtu anayenunua jokofu mjini Kisii au Nyamira hufungua boksi akakuta kijitabu cha maelezo ambacho aghalabu hakina hata ukurasa mmoja wa Kiswahili. Siku mlango utakapokataa kufungika, atategemea kukisia au kumsubiri fundi.

Nimechagua tatizo hilo moja la mlango kwa sababu ni la kawaida mno, na kwa sababu watu wengi hulitatua kwa njia isiyofaa. Wapo wanaoubamiza mlango kwa nguvu, wapo wanaouegemeza kiti, na wapo wanaoufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Wote hao wanafikiri kwamba mlango umepungukiwa na nguvu. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika hali nyingi nguvu ipo, ila kuna kitu kinachouzuia mlango usilifikie kasha, na kwamba kitu hicho mwenye jokofu mwenyewe anaweza kukipata kwa kufuata utaratibu.

Kuhusu istilahi, nitatumia neno ‘jokofu’ ingawa wengi wetu tukiwa nyumbani husema ‘friji’. Ule ukingo laini unaouzunguka mlango kwa ndani mafundi huuita ‘raba’, na baadhi yao ‘gasketi’. Nitauita raba, kwa kuwa ndilo jina utakaloeleweka nalo ukienda kuununua. Vivyo hivyo, kinachoitwa bawaba katika kamusi hujulikana dukani kama ‘hinji’. Mwili wa jokofu usiokuwa mlango nitauita kasha.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Kebirigo ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Nyamira, kwenye barabara inayounganisha Kisii, Nyamira na Chemosit. Ni nchi ya majani chai, ya mvua nyingi na asubuhi za baridi. Kwa ajili ya baridi hiyo utawasikia watu wakisema kwamba jokofu huku ni pambo tu, kwamba wanaolihitaji ni watu wa Mombasa na Kisumu. Hoja hii ina mvuto lakini haina ukweli. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika upesi kihifadhiwe katika joto lisilozidi nyuzi 5 za selsiasi, na chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2. Hewa ya Kebirigo, hata wakati wa mvua, haifiki nyuzi 5. Chinsaga iliyopikwa kwa maziwa na kulazwa mezani haijui kwamba tuko nyanda za juu.

Nyumbani kwetu jokofu lina kazi nyingine. Nyanya yangu ana kisukari, na chupa zake za insulini hukaa humo. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kuwekwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Ikipata joto kwa muda mrefu hupungua nguvu; ikiganda huharibika kabisa, na hata ikiyeyuka tena haifai kutumiwa. Mlango usiofungika unaweza kuleta madhara hayo mawili kwa wakati mmoja. Rafu za mlangoni, ambako watu wengi hupenda kuweka dawa, hupata joto kutoka nje. Wakati huohuo mtambo, kwa kuwa unahisi joto hilo, huendelea kufanya kazi bila kupumzika, na vitu vilivyogusana na ukuta wa nyuma huanza kuganda. Mtu akitazama chupa hataona tofauti ya wazi, kwani dawa iliyopoteza nguvu haibadiliki rangi kila mara. Atakayeiona tofauti ni mgonjwa, na ataiona katika sukari yake.

Gharama ya umeme nayo imo, na mwenye mita ya tokeni huihisi mapema kuliko anayeletewa bili. Vilevile kuna suala la umeme kupotea. Nyanda za Kisii na Nyamira zinajulikana kwa radi, na alasiri moja ya mvua kubwa yatosha kuliacha soko zima gizani. Jokofu lililofungwa vizuri na lisilofunguliwafunguliwa huweza kutunza ubaridi wa kufaa kwa takriban saa 4 baada ya umeme kukatika. Friza iliyojaa huweza kufika saa 48. Hesabu hizi zinachukulia kwamba mlango umefungika barabara. Ukiwa na mwanya, saa hizo 4 zisahau.

Kinachoushikilia mlango

Majokofu ya zamani yalifungwa kwa komeo la chuma lililonasa kwa nje, na mtu aliyekuwa ndani hakuweza kulifungua. Nchini Marekani watoto kadhaa walikufa kwa kukosa hewa baada ya kujificha ndani ya majokofu yaliyotupwa. Mwaka wa 1956 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyotaka kila jokofu la nyumbani liweze kufunguliwa kutoka ndani, na watengenezaji wakapewa hadi mwishoni mwa Oktoba 1958 kuitimiza. Sumaku ndiyo iliyochukua nafasi ya komeo, na muundo huo ukaenea ulimwenguni. Kwa hiyo mlango wa jokofu la leo ni mwepesi kwa makusudi. Umeundwa ili hata mtoto aweze kuusukuma ukafunguka.

Ukiibonyeza raba kwa kidole utahisi kwamba ina uwazi ndani, mfano wa mrija uliolainika, na kwamba ndani yake mmepita utepe mgumu kidogo. Utepe huo ndio sumaku. Haukutengenezwa kwa chuma kitupu. Ni plastiki iliyochanganywa na unga wa madini ya sumaku, ndiyo sababu unakunjika bila kuvunjika. Sumaku huvuta bati la kasha, na ile sehemu yenye uwazi hujikunja na kujitanua ili kuziba nafasi iliyobaki. Kila mojawapo ina kazi yake: sumaku hushika, uwazi huziba.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mvuto wa sumaku hupungua kwa kasi sana kadiri umbali unavyoongezeka. Raba inayogusa bati hushika imara, lakini raba iliyo umbali wa milimita chache tu hushika kidogo mno au haishiki kabisa. Watu husema sumaku ‘imechoka’. Katika matumizi ya nyumbani sumaku hizi hazichoki kirahisi. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba kuna chembe ya uchafu, chupa, barafu, kunjo la raba au mlango ulioinama, na yoyote kati ya hivyo hutosha kuleta milimita hizo chache. Anayeubamiza mlango huusogeza karibu kwa nukta moja, kisha kile kinachouzuia huurudisha.

Kabla sijaendelea, nigusie mambo mawili ambayo huwafanya watu wadhani jokofu lao ni bovu ilhali ni zima. La kwanza, ukifunga mlango kisha ukataka kuufungua tena papo hapo, huwa mgumu ajabu. Hewa ya joto iliyoingia imepoa na kunywea, na hewa ya nje inausukuma mlango. Hiyo ni dalili njema kwamba raba inaziba. La pili, katika jokofu lenye milango miwili, ukiubamiza wa chini, wa friza huweza kufunguka wenyewe, kwa kuwa hewa iliyosukumwa ndani hutafuta pa kutokea. Dawa yake ni kufunga kwa utaratibu. Ikiwa mlango wa friza hufunguka hata ukifunga polepole, basi hapo pana tatizo la kweli.

Uchunguzi wa awali

Fundi mwema huanza na yale yasiyogharimu kitu. Toa kwanza vyote vilivyomo kwenye rafu za mlango, kisha uufunge. Ukifungika vyema, tatizo lilikuwa mzigo. Chupa mbili za soda za lita 2 na birika la maji ni kilo nyingi kuning’inizwa kwenye bawaba mbili ndogo. Kisha tazama ndani ya kasha: je, sanduku la mboga limesukumwa hadi mwisho? Je, rafu imekaa kwenye mfereji wake, au sufuria yenye mkono mrefu imechomoza? Hili ni kosa la kila nyumba, na linatatuliwa kwa sekunde kumi.

Kwenye friza mkosaji mkubwa ni barafu. Huku kwetu hewa ina unyevu mwingi, na kila mwanya huingiza unyevu huo ndani, ambako huganda. Barafu ikinenepa husukuma droo mbele, droo husukuma mlango, mwanya hupanuka, na unyevu mwingi zaidi huingia. Ndiyo maana mtu huona mlango ulioanza kulegea kidogo mwezi uliopita sasa haufungiki kamwe. Yafaa barafu iyeyushwe yote. Zima jokofu na uchomoe plagi, toa vyakula, acha milango wazi, na uweke ndani beseni la maji ya moto juu ya kitambaa kinene. Tandika matambara sakafuni. Usichokoe barafu kwa kisu au bisibisi. Nyuma ya ukuta huo mwembamba mna vijibomba vya gesi, na majokofu mengi ya miaka ya karibuni hutumia gesi iitwayo isobuteni, yenye alama R600a kwenye kibandiko cha nyuma, ambayo huwaka moto. Kwa sababu hiyo hiyo mshumaa au jiko la makaa visikaribishwe karibu.

Likifuata hilo, tazama jokofu limesimamaje. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye chanzo cha matatizo mengi ya Kebirigo, na vijitabu vya maelezo hupapitia kwa mstari mmoja tu. Nyumba zetu zimejengwa kwenye miteremko. Sakafu ya saruji ikimwagwa na fundi mwenye haraka huinama upande mmoja, na ile ya udongo hudidimia polepole chini ya uzito. Jokofu lililosimama wima mwaka wa kwanza huweza kuwa limeinamia mbele ifikapo mwaka wa tatu, na jokofu linaloinamia mbele hufungua mlango wake lenyewe. Chukua pimamaji ya mwashi uiweke juu ya kasha, kwanza kutoka kushoto hadi kulia, kisha kutoka mbele hadi nyuma. Usipokuwa nayo, bakuli pana la maji lililojazwa karibu na ukingo litakuonyesha upande ulio chini.

Kushoto na kulia pawe sawa. Mbele pawe juu kuliko nyuma kwa kiasi kidogo sana, kama nusu sentimita hivi, ili uzito wa mlango wenyewe uurudishe. Miguu ya mbele ya majokofu mengi huzungushwa kwa mkono au kwa spana, ikarefuka au kufupika. Mtu mmoja aliinue kasha kidogo, mwingine azungushe nusu mzunguko tu, kisha mpime tena. Mkishamaliza, fungua mlango hadi katikati ya safari yake na uuachilie. Ukielea polepole kuelekea kasha, kazi imekwisha. Ukibaki hapo hapo bado waweza kuinua kidogo. Ukikimbilia nje, bado jokofu linainamia mbele. Penye sakafu ya udongo, kutia jiwe chini ya mguu mmoja ni kazi ya wiki moja. Afadhali kutandika ubao mzito au bamba la saruji chini ya miguu yote minne, ndipo marekebisho yafanyiwe juu yake.

Kuikagua na kuitengeneza raba

Ikiwa mlango bado unasumbua, tuje kwenye raba. Kwanza ioshwe. Hutaamini ni mara ngapi ugonjwa wote umekuwa maziwa yaliyokauka. Maziwa na soda vikichuruzika huingia kwenye mikunjo ya raba, vikawa gundi. Siku mlango unapofunguliwa, raba hung’ang’ania kasha na kuvutwa kutoka mahali pake. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida na mswaki mkuukuu, uufuate kila mkunjo, hususan chini ambako hakuna anayetazama. Safisha pia uso wa kasha unaokutana na raba. Dawa kali za madoa na petroli huikausha raba ikapasuka, kwa hiyo ziachwe. Ule ukungu mweusi wa msimu wa mvua hutoka kwa sabuni na subira. Ukikuta bati la kasha limeota kutu na rangi imevimba, ulisugue taratibu kwa msasa laini na kulipaka rangi upya, kwani raba haiwezi kulala juu ya mabonde na vilima.

Baada ya kukauka, ichunguze kwa noti. Chukua noti ya shilingi 50, iweke kati ya raba na kasha, funga mlango, kisha uivute polepole. Inapotoka kwa kusitasita, raba inashika. Inapotoka kama iliyochomolewa mfukoni, hapo pana mwanya. Rudia kila baada ya upana wa kiganja, kuuzunguka mlango wote, na utie alama kwa chaki kila mahali palipolegea. Njia nyingine ni kuwasha tochi ndani usiku, kufunga mlango na kuzima taa ya chumba. Mwanga ukichungulia, umeuona mwanya. Mimi naipenda zaidi ile ya noti kwa kuwa hutoa ramani kamili. Alama zikiwa kwenye pembe moja tu, shuku kunjo la raba au mlango uliojipinda. Zikienea upande wote wa juu au zikifuatana kwa mshazari, shuku bawaba. Zikiwa upande wa bawaba, mara nyingi raba imekuwa ikikunjwa na msuguano kila mlango unapofungwa.

Raba iliyonyauka au kukunjamana haihitaji kutupwa mara moja. Joto huilainisha. Chovya taulo ndogo katika maji ya moto, ikamue, uikandamize mahali palipokunjika kwa dakika chache, huku ukiivuta raba kwa vidole irudie umbo lake. Kikausha nywele cha kinyozi pia hufaa, mradi kisogezwesogezwe, kwani joto likituama mahali pamoja huiyeyusha. Ikishainuka, funga mlango na kuuacha usiku kucha ili ipoe ikiwa katika umbo hilo. Upande wa bawaba, paka tabaka jembamba sana la mafuta mazito ya kujipaka, yale ya mgando, ili raba iteleze badala ya kujikunja.

Angalia pia kama raba imetoka kwenye mfereji wake. Katika majokofu mengi mapya raba huingizwa kwa kusukumwa tu, na vidole viwili hutosha kuirudisha. Ya zamani huwa na skrubu zilizofichwa chini ya ukingo wa raba; ukiuinua ukingo huo utaziona zimepangana kuuzunguka mlango. Hizo zina siri moja. Katika majokofu ya aina hiyo skrubu ndizo zinazolishikanisha bamba la ndani la mlango na la nje, na pamoja nazo unyoofu wa mlango wenyewe. Ukizifungua zote kwa mara moja, mlango hulegea ukajipinda. Zilegezwe kidogo kidogo. Na kinyume chake ni kweli: mlango uliokwisha kujipinda huweza kunyooshwa kwa kulegeza skrubu hizo kidogo, kuupinda kwa mikono kuelekea upande unaotakiwa, mwenzako akaushika hivyo, nawe ukazikaza tena. Hufanikiwa kwa jaribio la pili au la tatu.

Raba iliyochanika, au iliyokuwa ngumu kama ganda la muwa hata baada ya kutiwa joto, sharti ibadilishwe. Andika namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko ndani ya kasha, pima urefu na upana wa mlango, na ikiwezekana ukate kipande cha raba ya zamani uende nacho dukani, maana umbo la ule ukingo unaoingia kwenye mfereji hutofautiana. Raba mpya huja imekunjwa. Ilaze kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika na mkono kwa dakika kama kumi, kisha uanze kuipachika kwenye pembe nne, ndipo uingie kwenye pande. Siku ya kwanza huenda isishike kila mahali. Isikutie wasiwasi, mpe siku mbili tatu.

Bawaba

Bawaba huzeeka kimyakimya. Katika majokofu mengi mlango huning’inia kwenye bawaba ya juu iliyofunikwa kwa kifuniko cha plastiki, na kukalia pini ya chini. Kati ya mlango na pini mna kikombe kidogo au washa ya plastiki, nayo ndiyo huanza kuisha. Dalili yake ni mlango ulioshuka: ukiutazama ukiwa umefungwa, ukingo wake wa juu hauendi sambamba na kasha, na ukiushika kwa chini waweza kuuinua kidogo, ukasikia ukigonga.

Chomoa plagi. Ondoa kifuniko cha juu, na ujaribu kwanza kukaza skrubu za bawaba, kwani huenda zimelegea tu kwa miaka ya kubamizwa. Matundu ya skrubu hizo aghalabu huwa marefu kidogo kuliko skrubu yenyewe, kwa makusudi, ili bawaba iweze kusogezwa. Mwenzako auinue mlango hadi ulingane na kasha, nawe ukaze. Ikiwa washa ya chini imeisha, mlango utalazimika kutolewa. Hapa watu wawili ni lazima, na waya za taa au za kioo cha mlangoni zikiwepo zisivutwe. Washa mpya hugharimu kidogo sana ukilinganisha na bei ya kitu chochote kingine katika jokofu, na katika karakana nyingi za jua kali fundi atakupa inayokaribiana nayo. Majokofu mengine yana bawaba zenye mteremko unaouvuta mlango ujifunge unapokaribia kasha. Mteremko huo ukilika, mlango husimama nusu njia, na hapo hakuna ujanja ila kubadilisha sehemu hiyo.

Kuna hali moja ninayomwachia fundi bila kubishana: mlango uliovimba au uliotota ndani. Maji yakiingia kwenye sifongo ngumu iliyo katikati ya mabamba mawili, mlango huwa mzito, hutoa jasho kwa nje, na hakuna raba itakayousaidia.

Wanunuzi wa majokofu yaliyokwisha kutumika wafanye jaribio la noti palepale dukani, kabla ya kutoa pesa. Kanuni za mwaka wa 2016 zilileta nchini Kenya kibandiko cha nyota cha kuonyesha matumizi ya umeme ya vifaa kama majokofu. Nyota hizo zilihesabiwa mlango ukiwa umefungika.

Wakati wa kusubiri

Kutengeneza huchukua siku, hasa pale raba inapoagizwa. Katika siku hizo dawa na maziwa visikae mlangoni. Chupa za insulini ziwekwe rafu ya kati, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na ukuta wa nyuma, na kipimajoto kidogo kando yake. Chupa ambayo tayari inatumiwa si lazima iwe ndani ya jokofu: aina nyingi za insulini zikishafunguliwa huweza kukaa nje kwa takriban siku 28, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kulingana na maelezo ya pakiti, na katika hili baridi ya Kebirigo ni ya manufaa. Zile ambazo hazijafunguliwa zipelekwe kwa jirani mwenye jokofu zima au kwenye kituo cha afya kitakachokubali kuzitunza.

Nimeona milango iliyofungwa kwa kamba, kwa mpira wa baiskeli uliokatwa, na hata kwa komeo na kufuli lililotobolewa kwenye bati ili watoto wasiibe sukari guru. Kutoboa bati kwanza ni kucheza na vijibomba vya gesi, ambavyo katika majokofu mengi hupita ndani ya kuta za pembeni. Ukanda wa mpira nao huvuta mlango mahali pamoja, ukaupinda, na raba ikafunguka upande wa pili. Lakini zaidi ya hayo, komeo la nje linaturudisha kwenye jokofu la kabla ya 1958. Ikiwa lazima mlango ushikiliwe kwa usiku mmoja, utepe wa karatasi wa kugundisha, ule wa wapaka rangi, hukatika mtoto akisukuma kutoka ndani.

Na jokofu likifa kabisa, likapelekwa nyuma ya nyumba kuwa kabati la mbegu au kiota cha kuku, mlango wake utolewe siku hiyo hiyo. Skrubu za bawaba ya juu ni mbili au tatu tu.